Mtoto Aliyemtazama Mwene Kinywani

Wenzangu mnaobaki na chaki mikononi, nimestaafu juzi tu na tayari nimeanza kuchanganya mambo. Asubuhi naamka ukungu ungali juu ya mibuni, naketi nje na kikombe changu cha chai, na miaka yote ya kazi inanijia bila mpangilio na bila sauti. Hilo la sauti linanishangaza mwenyewe. Naona midomo ya watoto ikienda, namwona Mwalimu Yeremia akifungua kinywa kunikaripia, lakini sisikii kitu. Huenda ni haki yangu, kwa kuwa nusu ya kazi yangu nimeifanya na watoto wasiosikia. Mmeniomba niwaandikie habari za kazi hiyo, nami naiandika sasa, kabla picha nazo hazijanikimbia.

Vyeo sitavitaja. Havikuwa vingi, na hivyo vilivyokuwepo vilinipita vikienda kwa wanaume.

Nilianza miaka michache kabla ya vita kuu ya pili, katika shule ya serikali ya wenyeji, mwendo mfupi kutoka Isansa. Ilikuwa jengo moja refu la matofali mabichi, nyasi juu, magogo ya kukalia chini. Mimi nilikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha pale. Siku ya kwanza wazazi walijaa madirishani kunitazama, na baada ya muda wakaenda zao mashambani, nadhani waliridhika kuona kwamba nilishika chaki kwa vidole kama mtu mwingine yeyote. Watoto walikuwa wengi kuliko magogo. Sauti yangu ilitetemeka mpaka nikajifanya nina kikohozi, na kikohozi hicho nikakaa nacho wiki nzima.

Mwalimu mkuu, Yeremia, alitoka Nyasaland. Alivuka milima ya Ileje kwa miguu akiwa kijana, na Kiswahili chake kilibaki na mapindo ya Kitumbuka hadi anazeeka. Ndiye aliyenifundisha kutengeneza ubao kwa masizi ya vyungu yaliyokorogwa na uji mzito wa ulezi, na kuupaka upya kila likizo kabla mchwa hawajaumaliza. Ndiye pia aliyenipa kanuni niliyoishika maisha yangu yote. Nilikuwa nimewapa watoto mgongo, naandika huku nasoma kwa sauti, akaingia na kusimama nyuma ya darasa.

"Mwalimu Tabita," akasema, "huo ubao unajua kusoma tayari. Geuka uongee na watoto."

Nikageuka kwa aibu. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba mtu anayeongea na ubao anawanyima watoto kinywa chake, na kwamba kuna watoto ambao kinywa hicho ndicho sauti pekee waliyo nayo. Lakini siku ile nilielewa tu kwamba nimekaripiwa.

Sekela aliletwa shuleni na baba yake akiwa na umri wa miaka minane hivi. Walikuwa Wandali kutoka milima ya Ileje, waliohamia kwetu kutafuta ardhi, na mwene wa upande wetu, yaani mtawala wetu wa kienyeji, alikuwa amewakatia shamba karibu na kijito. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache. Alimsukuma mtoto mbele kidogo, akasema, "Huyu ni mpole," akaondoka. Na kweli alikuwa mpole. Wenzake wakisimama naye anasimama, wakiketi naye anaketi. Nikimkaribia, aliyashusha macho yake chini kama mtoto mwema alivyofundishwa kwetu kufanya mbele ya mkubwa. Nilimsifu mbele ya darasa zima kwa adabu. Nikimuuliza swali, aliendelea kuangalia miguu yangu bila kujibu, nami nikaona kwamba adabu hiyo inafunika uvivu. Nilimchapa. Naandika neno hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mkono wangu huu unaoandika ndio uliochapa. Nilimchapa mara nyingi kwa mwaka mzima na zaidi, na kila mara alinishangaza kwa kutolia.

Kisha tukapata mabati. Shule ilivuliwa nyasi ikavikwa mabati, watu wakaja kutoka vijiji vya jirani kuyaangalia yaking'aa, na hakuna aliyefikiria mvua ya mawe. Ilikuja mchana mmoja, ghafla. Kelele yake humo ndani siwezi kuieleza. Watoto waliziba masikio, wengine waliingia chini ya magogo, na radi ilipopasuka karibu kabisa hata mimi nilipiga kelele na kuangusha chaki. Nilipoinua macho niliona kitu ambacho bado kinanijia asubuhi kama ndoto. Katikati ya vurugu ile Sekela ameketi, kibao chake magotini, anaandika herufi K, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Hakuwa ameshtuka. Aliifuta moja iliyompinda, akaiandika tena.

Nilisimama pale nikalia, na kwa kelele ile hakuna aliyenisikia.

Yeremia hakuniuliza maswali mengi. Alinipa chumba cha kuwekea majembe na saa moja kila asubuhi, nikawakusanya wanne: Sekela, na watatu wengine ambao shule ilikuwa imekwisha kuwakatia tamaa, kila mmoja kwa sababu yake. Bwana wa elimu alipopita alichungulia mlangoni, akaona watoto wanne na manyoya ya kuku, akasema tuendelee. Sikupata mafunzo mengine yoyote. Niliyoyajua niliyabahatisha, mengine nilisimuliwa na bibi mmoja wa misheni aliyewahi kuona shule ya viziwi kwao, naye alikumbuka nusu tu.

Zana zangu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kioo, nilichokifuata Tunduma kwa kupanda juu ya magunia ya kahawa ndani ya lori. Wakati ule Tunduma ilikuwa maduka machache, kizuizi cha barabarani na watu wenye ndugu pande zote mbili za kizuizi. Ya pili ilikuwa unyoya wa kuku. Mtaona umuhimu wake mkisimama mbele ya kioo na kusema "baba", kisha "mama", bila kutoa sauti. Kwa macho ni neno moja. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kiziwi anaanza maisha bila kujua yupi ni yupi, wakati sisi tunamshangaa kwa nini hajui hesabu. Basi nilishika unyoya mbele ya midomo, tukasema "papa", unyoya ukaruka. Nilimwekea Sekela kidole puani kwangu nikasema "mama", akausikia mtetemo. Kwa "baba" aliweka kiganja kooni kwangu. Siku alipoyatofautisha maneno hayo matatu alicheka, sauti yake nene ikagonga majembe yote mle ndani.

Ila kulikuwa na kazi moja ngumu kuliko zote, nayo haikuhitaji zana. Ilikuwa kumfanya aniangalie usoni. Macho yake yalikuwa yamefundishwa kushuka, na aliyemfundisha alikuwa amefanya kazi nzuri. Kila nilipomshika kidevu na kukiinua, mwili wote ulikakamaa, kwa sababu alijua anafanya kosa. Ilituchukua miezi. Nilimwinua kidevu mara elfu. Mwishowe akakubali kwamba kwa Mwalimu Tabita mambo ni kinyume, kwamba adabu hapa ni kuangalia juu. Nilifurahi mno. Sikukumbuka kumfundisha kwamba nje ya chumba cha majembe dunia imebaki ileile.

Mwene alikuja shuleni baada ya mavuno, na wazee wake, kuona watoto wake wanafundishwa nini. Mnajua watoto wa kike wanavyomwamkia mtu kama yule. Wanapiga magoti, wanapiga makofi polepole, wanasema salamu kwa sauti ndogo, na macho yanabaki ardhini. Walipita mmoja mmoja. Wazazi walikuwa wamesimama pembeni, baba yake Sekela akiwa miongoni mwao, amevaa koti lake pekee.

Sekela akapiga magoti. Akapiga makofi, taratibu na vizuri. Kisha akainua uso, akamwangalia mwene kinywani, moja kwa moja, akingoja kinywa hicho kiseme.

Sijui ilichukua muda gani. Katika kumbukumbu yangu ukungu unashuka na kuinuka, na wote bado tumesimama. Mzee mmoja akasema kwa hasira, "Mtoto wa nani huyu anayemhesabu mwene meno?" Mwene hakusema kitu. Alimtazama mtoto, mtoto akamtazama. Kisha akageuka, akachukua fimbo yake, akaenda zake, wazee wakimkimbilia nyuma. Hakuagana na mtu. Hapakuwa na mmoja wetu ambaye hakuelewa maana ya ukimya ule.

Kesho yake Sekela hakuja shuleni. Nilingoja siku tatu kisha nikaenda kwao. Baba yake alikuwa anapura maharage uani, na hakuacha kupura nilipomsalimu.

"Mwalimu, mimi hapa ni mgeni," alisema. "Shamba hili mwene alinipa kwa mdomo tu. Kwa mdomo huohuo ananinyang'anya."

"Sekela hakukosa. Mimi ndiye niliyemfundisha kuangalia. Asipoangalia hasikii."

"Hata kabla ya kuangalia alikuwa hasikii. Lakini tulikuwa na shamba."

"Umpe muda, baba Sekela. Mwaka ujao atasoma. Ataongea."

Akapumzika, akajifuta jasho kwa mkono. "Kule Ileje yuko mama yangu. Nikimaliza maharage haya nampeleka. Ataamia ndege kwenye ulezi. Ndege hawamhitaji aongee."

Sekela alikuwa amesimama mlangoni. Alituangalia kwa zamu, mdomo huu na mdomo ule, akijaribu kushika neno, na baba yake alikuwa ameinamisha kichwa juu ya maharage. Niliangalia lundo. Lilikuwa la siku mbili, labda tatu. Nilirudi nyumbani nimeshiba uchungu, na hasira yangu yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Mtoto yule angezeeka kwenye kichuguu akirusha mawe, kwa sababu nilimfundisha nusu ya somo.

Asubuhi iliyofuata mke mkubwa wa mwene alikuja kwangu na kikapu cha mboga kichwani, peke yake, kama mtu anayepita tu. Akasema, "Mwalimu, baba anakuita. Njoo kwa njia ya nyuma." Niliwaza kwamba sasa hata kazi imekwisha, na kwamba Yeremia atalipata kosa langu kwa barua.

Mwene alikuwa ameketi uani nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, karibu na maboga. Hapakuwa na mzee hata mmoja. Nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikatazama udongo. Ulikuwa na punje za mahindi na kuku mmoja anazidonoa.

"Inua kichwa," akasema.

"Mwene, nipo," nikajibu udongo.

"Inua kichwa, Mwalimu. Sikusikii."

Nilimwelewa kama kila mtu anavyoelewa mkubwa akisema hivyo. Nilijua amekataa kunisikiliza. Basi nikaanza kuomba, kwa haraka, nikimweleza kuku habari zote za Sekela, mvua ya mawe na unyoya na miezi ile yote. Nilisema kosa ni langu, anihukumu mimi, aliache shamba la watu. Nikamaliza. Kisha sauti yake ikaja tena, ndogo, ya mtu aliyechoka.

"Mwalimu, sisikii. Masikio yangu haya hayasikii."

Wenzangu, nataka mniamini kwa hili. Nilielewa maneno yale mara moja, na bado sikuweza kuinua kichwa. Shingo ilikataa. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa miaka mingi, nimeinua kidevu cha mtoto mara elfu nikimwona mbishi, na sasa shingo yangu mwenyewe ilikuwa nzito kiasi kwamba nilitetemeka. Ndipo nilipojua nilichokuwa nikimdai Sekela. Nikaweka mkono wangu chini ya kidevu changu na kukisukuma.

Niliona uso ambao sikuwahi kuuona kwa karibu. Ulikuwa wa mzee mwenye mvi kwenye nyusi, na alikuwa na hofu.

"Tangu lini, mwene?" niliuliza polepole, nikifungua mdomo kama ninavyowafungulia watoto. Akausoma mdomo wangu. Nilimwona akiusoma.

"Misimu minne. Mke wangu ndiye anayejua. Watu wanakuja na kesi zao, wanainama, wanaunong'oneza udongo. Mimi natazama ni nani anayetetemeka, namtia hatiani. Siku nyingine nampa haki huyo anayetetemeka, nisionekane naonea."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka.

"Yule mtoto wako aliniangalia kama ninavyomwangalia mke wangu anaposema," akaendelea. "Nikajua ameniona. Nikaogopa, nikaondoka."

"Sisi sote tulidhani umekasirika."

"Mwene akinyamaza, watu wanaona hasira. Imenisaidia sana." Akaitazama fimbo yake. "Mtoto arudi. Shamba libaki. Ila baba yake asijue sababu, wala wazee. Na wewe utakuja kunifundisha hiyo kazi ya kioo."

"Nitawaambia nini, mwene?"

"Mwene haelezi," akasema, na hapo kidogo akatabasamu. Meno, kwa kweli, hayakuwa mengi.

Nilimfundisha msimu mzima, nikipita kwa njia ya nyuma na kikapu cha mboga cha kusingizia. Alikuwa mwanafunzi mbishi, aliuchukia unyoya, na alitaka kujua maneno ya kesi kabla ya salamu. Baadaye akatoa amri kwamba yeyote anayesema mbele yake ainue uso na asifunike mdomo, kwa kuwa anayetazama chini ana jambo analificha. Watu walilalamika kwamba uzee umemfanya mkali. Baadhi walisema kwamba hukumu zake zimekuwa nzuri ghafla, na kwamba huenda amepata dawa. Siri ile niliitunza mpaka alipofariki, na hata baada ya hapo, hadi mjane wake aliponiambia mwenyewe kwamba sasa haimdhuru mtu. Ndiyo maana mnaisoma.

Lakini hayo yote yalikuja baadaye. Kwanza ilikuwa asubuhi ya tatu tangu nitoke uani kule, na sikujua kama ujumbe wa mwene ulifika kabla maharage hayajaisha. Ukungu ulikuwa mzito, mibuni ilikuwa imechanua na harufu yake imejaa uwanja mzima, na watoto walikuwa wanatokea mmoja mmoja kutoka kwenye weupe ule. Nilisimama mlangoni pa chumba cha majembe nikihesabu. Watatu walikuwa ndani. Nikaanza kujiambia kwamba wameshaondoka, kwamba wako njiani milimani, kwamba nitazoea.

Ndipo nikawaona. Baba mbele na koti lake, Sekela nyuma. Baba alifika mpaka mlangoni, akavua kofia, akainamisha kichwa, akasema akitazama miguu yangu, "Mimi sielewi, Mwalimu. Wazee wamekuja wamesema mwene anataka mtoto asome. Basi. Nimemleta. Nitakuja kumchukua jua likiinama."

Sekela alikuwa amesimama kati yetu, akiona midomo ya baba yake inacheza bila kuiona vizuri. Kabla sijanyoosha mkono kumzuia, alinyanyuka kwa vidole vya miguu, akamshika baba yake kidevu, akakiinua.

Baba yake alikakamaa. Nikafumba macho nikingoja kofi. Nilipoyafumbua alikuwa bado amesimama vilevile, uso juu, mkono mdogo ukiwa chini ya kidevu chake, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. Miaka kumi alikuwa anamsukuma na kumwonyeshea vidole. Sidhani kama alikuwa amewahi kumwambia neno.

"Nitakuja," akasema, kwa uangalifu, akifungua mdomo wake wote. "Nitakuja kukuchukua."

Sekela akamwangalia mpaka neno la mwisho. Akatikisa kichwa kukubali, akamwachia kidevu, akaingia ndani kwa wenzake. Baba yake hakukishusha.